Vidukari Watatu kwenye Bakuli la Kotmiri

Kila Ijumaa shule yetu hufungwa saa saba mchana ili kila mtu awahi nyumbani kabla ya Sabato, inayoanza jua likizama. Wenzangu walikwenda kwao. Mimi nilipanda kilima mpaka nyumba ya wanafunzi wa Kiyahudi iliyo karibu na chuo kikuu, hapa Pittsburgh, nikavaa aproni na kukaa kwenye kiti changu kirefu. Mama ndiye aliyekuwa msimamizi wa jiko lile. Hakupika, kazi yake ilikuwa kuangalia. Aliangalia kwamba sufuria za nyama zinaoshwa kwenye sinki jekundu na za maziwa kwenye sinki la buluu, maana hatuchanganyi nyama na maziwa, na kwamba kila kinachoingia jikoni ni kosher, yaani halali kwa sheria yetu. Saa kumi alitia saini karatasi ya kuthibitisha hivyo na kuibandika mlangoni mwa ukumbi, na wanafunzi mia na ishirini walikula bila kuuliza swali.

Kazi yangu ilikuwa mboga. Sisi hatuli wadudu, hata mdogo kuliko punje ya ufuta. Kwa hiyo nilitandaza kila jani juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, nikalipindua na kuchungulia kila mkunjo, kama watu wanavyochambua mchele. Nikimwona kidukari, yule mdudu mdogo anayenyonya majani, nilimnasa kwa selotepu na kumbandika kwenye kadi nyeupe ndani ya duara nililochora, juu yake tarehe na jina langu: Tirtza. Niliifanya kazi hiyo tangu nina miaka tisa, na sasa nilikuwa na kumi na miwili. Mpishi wetu, Anko Clarence, hakuwa Myahudi lakini alizijua sheria za jiko kuliko nusu ya wanafunzi. Alikuwa akiniita Jicho.

"Jicho, leo umekamata wangapi?"

"Watano, Anko."

"Masikini! Hata kwao hawakuaga."

Niliishi kwa maneno hayo wiki nzima. Kisha akaja Noa.

Noa alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Baba yake alikuwa ameanza kufundisha chuoni, na kila Ijumaa Noa alimsubiri jikoni kwetu. Mama akampa aproni asikae bure. Ijumaa ya tatu aliokota jani la saladi kutoka bakuli langu, jani ambalo mimi nilikuwa nimeshalipitisha, akaliweka juu ya taa.

"Tirtza, hapa yupo mmoja. Kwenye mkunjo."

Mama akaja na lenzi. Kweli, alikuwapo.

"Macho gani haya!" Mama akasema. "Mungu ayalinde, binti yangu."

Binti yangu! Anko Clarence naye akaangua kicheko. "Jicho, umepata mwenzako. Sasa yeye ndiye Jicho, wewe tutakuita Kope."

Jiko zima likacheka. Mimi pia nilicheka, lakini kwa meno tu.

Ijumaa iliyofuata, mwezi wa Desemba, nilimkuta Noa amekaa kwenye kiti changu. Mama aliniambia bila hata kugeuka, "Mwachie mwenzako, yeye ni mfupi. Wewe simama upande ule ufanye saladi. Noa atafanya kotmiri ya supu." Kotmiri ndiyo ngumu kuliko zote, maana majani yake ni madogo na yamejikunja. Ilikuwa yangu kwa miaka miwili. Nilisimama upande ule nikimwonea Noa wivu. Nilimwonea wivu kwa macho yake, kwa kiti, hata kwa jinsi aproni ilivyomkaa. Siku hiyo nilikamata vidukari saba, na hakuna aliyeniuliza nimekamata wangapi.

Noa alipomaliza bakuli lake, akaenda kunawa mikono. Nilijua sheria. Mdudu mmoja akionekana kwenye mboga iliyokwisha kupitishwa, mboga hukaguliwa upya. Wakionekana watatu, bakuli zima hutupwa. Nilitaka litupwe. Nikabandua vidukari watatu kutoka kadi yangu kwa kibano, nikawachomeka katikati ya kotmiri ya Noa. Kisha nikageukia saladi yangu.

Mama hakuwahi kutia saini kabla ya kuonja kazi ya kila mtu kwa macho yake. Alichota konzi ya kotmiri, akaitikisa ndani ya sinia jeupe lenye maji, akainama. Akachota tena, halafu tena. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Watatu," alisema. "Noa, ulisuuza mara ngapi?"

"Mara tatu, Mama Tirtza. Na nikaangalia kila jani, naapa!"

"Usiape. Bakuli hili linatupwa." Akamgeukia mpishi. "Hakuna iliyochukuliwa humu, sivyo?"

Anko Clarence aliweka mwiko chini taratibu. "Nusu, Mama. Nilichukua alipomaliza tu, kabla hajaenda kunawa. Nimeikatakata, ipo kwenye supu. Masufuria yote mawili."

Mimi sikuwa nimeona. Nilikuwa nimeshughulika na wivu wangu, na masufuria yalikuwa nyuma ya mgongo wangu. Supu ya kuku ya watu mia na ishirini, iliyochemka tangu asubuhi! Ilikuwa saa tisa na nusu, na saa kumi na nusu moto ulikuwa lazima uzimwe, kwa sababu Sabato ikiingia hakuna kupika.

"Vipande vidogo hivyo havichujiki," Mama alisema polepole. "Siwezi kuweka jina langu juu ya supu hii. Itamwagwa."

Noa alishuka kwenye kiti akaanza kulia, bila sauti, aproni imefunika mdomo. Nilikuwa nimengoja machozi hayo wiki nzima. Sikupata hata chembe ya raha.

Hapo dirisha la jiko likagongwa. Alikuwa Yoel, mwanafunzi wa uhandisi, mrefu na mwembamba, theluji imemjaa kwenye kofia. Katika bweni lake hapakuwa na chakula cha kosher, hivyo Jumapili mpaka Alhamisi alikula samaki wa kopo.

"Shikamooni humu ndani! Supu ipo? Nimeinusa tangu barabarani."

Anko Clarence alikuwa ameshavaa glavu na kushika masikio ya sufuria ya kwanza.

"Usimwage!" Nilisikia sauti yangu mwenyewe. "Mama, supu ni safi. Vidukari ni wangu. Mimi ndiye niliyewatia, baada ya Anko kuchukua."

Noa alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi.

"Sasa hivi ulinyamaza mwenzako akilia," Mama alisema. "Ulinyamaza nikiuliza. Huenda sasa unasema hivi ili supu isimwagwe. Nikuaminije?"

Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nasema kweli, na kweli yangu haikuwa na thamani. Nilitoa kadi mfukoni, nikampa. Ilikuwa na maduara saba na vidukari wanne tu. Mama akaisoma tarehe. Kisha akawaweka wale watatu chini ya lenzi, akatazama kwa muda mrefu.

"Wana gundi ya selotepu mbawani," alisema mwishowe. "Saba toa wanne, na watatu wote ni hawa. Clarence, rudisha sufuria motoni. Yoel, supu ipo."

Kwanza nilimwomba Noa msamaha, mbele ya wote walioyaona machozi yake. Aliniambia, "Nimesikia," wala hakusema amenisamehe. Kisha Mama akaniketisha kwenye ngazi ya stoo, akakaa pembeni yangu, kalamu ya kutilia saini mkononi.

"Unajua kwa nini ninatia saini peke yangu? Kwa sababu katika mambo ya chakula, sheria yetu inakubali neno la mtu mmoja mwaminifu. Tirtza, macho hukosa. Yako yalikosa, na yangu hukosa, ndiyo maana tunaangaliana. Yule kijana kwenye theluji haamini macho yetu. Anaamini ulimi wetu. Macho ya Noa hayakukupunguzia kitu. Wivu ndio uliokupunguzia, nao umekula uaminifu wako, kile kile kilichokufanya ufae kukaa pale. Vua aproni. Utarudi mezani siku Noa atakaposema urudi."

Usiku ule niligawa supu. Yoel alikunywa mabakuli matatu. Kila aliponishukuru nilitamani sakafu inimeze.

Ijumaa tano nilisugua masufuria kwenye sinki jekundu, na Noa hakunisemesha. Ijumaa ya sita, nikiwa na povu mpaka kwenye viwiko, nilisikia kitu kikiburutwa sakafuni. Kilikuwa kiti cha pili. Noa alikiweka pembeni ya kile cha kwanza, akasukuma bakuli la kotmiri hadi upande wangu.

"Njoo ukague baada yangu," alisema, bila kutabasamu. "Ila wa kwako usiongeze."

Anko Clarence alicheka mpaka akashika meza. Nilinawa mikono, nikakaa, nikawasha taa.