Makofi Yalikuwa Yangu, Aliyesimama Ni Rosette

Watu walipiga makofi ukumbi mzima kwa ajili ya mradi wangu... na aliyesimama kuyapokea alikuwa Rosette!

Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma kabisa, kwenye ukumbi wa hoteli moja hapa Goma. Mbele, ukutani, wanaonyesha picha ya tangi la kuvuna maji ya mvua, litakalojengwa kando ya kapela, kanisa letu dogo la Majengo.

Tangi langu! Mchoro wake niliuchora kwa mkono wangu. Hata ile picha ya akina mama na bidoni, madumu yao ya maji, niliipiga mimi, kwa simu yangu.

Chini yake wameandika: "Rais wa kikundi: Mama Rosette."

Jamani... jina langu halipo popote!

Ngoja niwaambie ilivyoanza, msije mkaniona mwanamke mwenye wivu tu.

Jina langu Émérance. Wa Majengo mnanijua, mdomo wangu hauna breki.

Kwetu chini ni mawe ya volkano matupu, kisima huchimbi. Maji tunachota ziwani, tunapanda nayo mgongoni. Mwaka jana binti yangu Bénie aligongwa na pikipiki akiwa na bidoni yake. Mkono ulivunjika, na hadi leo haunyooki vizuri.

Siku ile niliapa. Avenue yetu, mtaa wetu huu, itapata maji, hata nikiitwa kichaa!

Nikasikia kuna klabu ya huduma hapa mjini. Wafanyabiashara, madaktari, watu wa makanisa, wanachanga na kusaidia miradi midogo ya mitaa. Sharti lao: kikundi kiwe cha kweli, na wenyeji watoe nguvu zao.

Nguvu tulikuwa nazo. Kila Jumamosi, siku ya salongo, akina mama wa avenue tulitoka kufanya kazi pamoja. Tuliponda mawe na kuyarundika kando ya kapela hadi viganja vikachubuka.

Tulichokosa ni Kifaransa cha ofisini.

Ndipo nikamwendea Rosette. Ana kibanda cha kuchapa na kutoa nakala. Rafiki yangu wa kwaya! Mtoto wake wa kwanza, mimi ndiye niliyembeba akitoka hospitali.

— Rosette, unisaidie kuandika hii dossier ya kuomba tangi.

— Ah, mama Bénie! Acha yote kwangu. Nitaipeleka mi mwenyewe.

Nikamwachia. Hata ndizi nikampelekea kumshukuru! Chekeni tu, hata mimi hujicheka.

Basi, siku ile ya makofi, klabu ilipotangaza miradi itakayosaidia, nilimkamata nje, mbele ya hoteli.

— Rosette! Ni nini hii umefanya?

— Punguza sauti.

— Nipunguze? Umeniibia projet!

— Émérance, wewe Kifaransa haujue. Wale watu wangekuuliza maswali, ungejibu nini? Mi niliokoa hii kitu.

— Kwa jina lako?

— Sikia muzuri. Règlement ya klabu inasema, dossier yenye iko na ugomvi wanaitupa. Piga kelele tuone! Maji itakosa, na avenue muzima watajua ni juu yako.

Akapanda pikipiki, akaenda zake.

Niliulizia. Ni kweli, sharti hilo lipo.

Niseme ukweli? Nililia. Si kwa huzuni, kwa hasira! Nikinyamaza, mwizi anakuwa rais. Nikisema, Bénie anarudi ziwani na mkono wake ule.

Mara tukasikia wageni wa klabu wanakuja kuona mahali pa kujengea. Na Rosette akafanya kile kinachofanywa kwetu kabla ya kila sherehe... Alinunua vitenge vya sare, akamgawia kila mama wa avenue. Kasoro mimi!

Na wakapokea! Wote! Jirani yangu Nshobole, niliyeponda naye mawe, nikamkuta mlangoni kwake anajipima kitenge, kikwembe tunavyokiita.

— Nshobole, hata wewe?

— Kikwembe ni kikwembe, mama Bénie.

Akafunga mlango.

Nikajua nimebaki peke yangu. Lakini nitaenda! Acha wanitazame usoni.

Siku ya wageni nilivaa gauni langu la sokoni, nikasimama nyuma. Akina mama wamekaa safu kwa safu, rangi moja, wanaimba. Rosette mbele, kilemba kimepanda juu huko! Rais wa klabu, Papa Habumugisha, mzee mpole mwenye miwani, alizunguka rundo la mawe akiyagusagusa. Kisha akatugeukia.

— Wamama, aksanti. Nani njo présidente wenu?

Rosette akaanza kunyanyuka, tabasamu tayari.

— Kaa!

Sauti ilitoka safu ya kwanza. Mama Thérèse, bikizee mwenye fimbo... na kwa wasiojua, ndiye mama mzazi wa Rosette!

— Présidente ni Émérance, ule kule nyuma bila kikwembe. Ni yeye alituita tuponde mawe. Huyu mutoto wangu hajagusa hata moja.

— Mama! Unaniuza mbele ya watu?

— Nilikuzaa, sikukatai. Lakini maji ni ya sisi wote.

Nshobole akasimama. Kisha mwingine. Kisha safu nzima, ndani ya vitenge vya Rosette, mikono yote ikinionyesha mimi!

— Émérance! Émérance!

Nshobole akanigeukia akicheka.

— Ulifikiri kikwembe itatufunga mudomo? Tungekataa, angeleta wamama wa avenue ingine, sisi tubaki nje!

Rosette akamgeukia Papa Habumugisha.

— Papa Président, règlement! Iko ugomvi, muitupe! Kama haiko yangu, isikuwe ya mutu!

Nikapita katikati ya akina mama hadi mbele ya yule mzee.

— Papa, dossier muitupe kama munataka. Kifaransa yangu ni ya soko. Lakini haya mawe hatuyarudishi! Jumamosi tunaponda tena, na Jumamosi ingine tena. Tangi itasimama, na nyinyi ao bila nyinyi!

Vigelegele vikapanda.

Papa Habumugisha akavua miwani, akaifuta polepole.

— Ugomvi inakuwaka na pande mbili, mama. Mi hapa naona upande moja tu... na mutu moja.

Leo tangi lipo; klabu ilitoa pesa, sisi mawe na nguvu. Mvua ya kwanza ililijaza, na Bénie ndiye aliyefungua bomba. Nililia tena, na sikujificha.

Na Rosette? Asubuhi moja alikuja na bidoni, macho chini. Akina mama wote wakanitazama.

— Panga foleni kama wote, nikamwambia. Nyuma ya mama yako.

Wengine mtasema ningemfukuza. Hapana! Maji yale sikuyapigania ili nimnyime mtu. Ila kumkabidhi dossier tena? Thubutu! Kifaransa cha ofisini sasa najifunza mwenyewe. Bénie ndiye mwalimu, na ananigombeza kweli kweli!

Ndugu zangu, msiache jasho la wengi mkononi mwa mtu mmoja, hata kama mnaimba naye kwaya. Na wewe unayeiba cha watu, jina kwenye karatasi utalifuta, lakini watu wanamjua aliyeponda nao mawe.

Mwenye kubisha aje na bidoni yake. Tutabishania kwenye foleni!