Malkia Tenripakiu na Mdogo Wake

"Usimpelekee jeshi, mke wangu. Ana mimba yule."

Malkia Tenripakiu alikuwa anatafuna tambuu. Akaacha kutafuna.

Mjumbe aliyetoka muda si mrefu alileta habari moja tu: kwamba Uleng, mdogo wake Malkia, amepiga kambi ng'ambo ya mto pamoja na nusu ya makabaila wa nchi yao ya Padalipu, na anakitaka kiti cha enzi. Habari ya mimba hakuitaja.

"Nani kakwambia ana mimba?"

Mappangara, mumewe na jemadari wa jeshi lake, akababaika kidogo. Akasema ni maneno ya sokoni, watu hawakosi la kusema. Malkia akamtazama mwanaume aliyemfahamu tangu usichana wake, akaitikia kwa kichwa, akatema tambuu kwenye kopo la shaba. Hakuuliza tena.

Uleng hakuwa mdogo wa jina tu. Mama yao alikufa akimzaa, na Tenripakiu, naye bado mtoto, ndiye aliyembeba kiunoni kwa saruni, akamlisha, akamfundisha kufuma hariri. Alipotawazwa akampa chumba kilichopakana na chake. Halafu mwaka huu Uleng akaomba kwenda kukaa kwa shangazi yao mlimani, eti hewa ya pwani inamkohoza. Mappangara naye akawa haishi kwenda kukagua ngome za mlimani. Sasa ndipo Malkia alipoyaunganisha, moja baada ya jingine, na kila moja likamchoma.

Yeye Mungu hakumjalia mtoto. Hapo ndipo Uleng alipopata pa kushika.

Malkia akampelekea ahadi ya usalama na kumwita barazani mbele ya wazee. Uleng akavuka mto, amevaa vazi la kijani la wenye damu ya kifalme, tumbo limeshaanza kuonekana. Wazee waliokaa mikekani wakampisha, na Malkia akaona vizuri ni kina nani waliopisha upesi kuliko wenzao.

Uleng alieleza bila kutetemeka. Alisema aliolewa kimyakimya na mwana wa mfalme wa jirani, kijana aliyekufa kwa homa kiangazi kile, akamwachia mtoto mwenye damu ya kifalme pande zote mbili. Nchi, alisema, haiwezi kuendelea kukaa na malkia asiye na mrithi. Mzee Towappo, mkuu wa baraza, akakohoa, akasema kwa adabu zote kwamba maneno hayo yana uzito.

"Yana uzito," Malkia akakubali. "Jemadari, wewe unasemaje? Mtoto ni wa marehemu?"

"Ndivyo anavyosema mwenyewe, Puang," Mappangara akajibu, akimwita kwa heshima kama wote barazani.

"Basi huyu ni mjane aliyeniinulia silaha. Leo atarudi kambini kwake salama, nimeahidi. Kesho tutapigana. Nikishinda, sheria mnaijua. Atazaa, mtoto atabaki humu ndani, mama atatoswa baharini. Na anayemtosa ni jemadari. Utaweza?"

Uleng alimgeukia Mappangara, akamsubiri. Mappangara aliuangalia mkeka.

"Nitaweza, Puang. Mwanamke aliyepata mimba huko vichakani, nani atamlilia?"

Hakulazimishwa kuongeza maneno yale ya mwisho. Aliyaongeza mwenyewe, ili aaminiwe.

"Rudia," Uleng akasema.

Mappangara akazidi kuuinamia mkeka.

"Rudia, nisikie vizuri. Kwa sababu mlimani uliniambia nikikaa mimi kwenye kiti utamwacha dada. Hata huyo marehemu wa kusingiziwa ni wewe uliyenichagulia." Akawageukia wazee. "Mtoto ni wake. Sijaolewa na mtu."

Ndugu wawili kwa mwanaume mmoja. Kwa dini haramu, kwa mila aibu ya nchi nzima. Mzee Towappo alifunika uso kwa kitambaa cha kichwani. Kabla jua halijazama, makabaila wa ng'ambo walikuwa wanarudi mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake, na wengine wameleta na nyati wa kuombea msamaha.

Kadhi aliivunja ndoa palepale. Mappangara akapiga magoti, akasema alipitiwa, akasema anampenda yeye tu.

"Ungemkataa mmoja wetu ningekuelewa," Malkia akamwambia. "Umetukataa sote wawili: mimi mlimani, yeye barazani."

Akavuliwa jambia la ujemadari, akapandishwa merikebu ya kwenda Malaka. Hakuna aliyemsindikiza.

Uleng alipelekwa kwa ndugu za mama yao, kisiwani Sumbawa. Kabla hajashuka ngazi za ikulu, akaomba kuonana na dada yake.

"Ungeniita chumbani, Dada. Ningekwambia ukweli."

"Ungenidanganya. Na mimi ningekuamini, kwa kuwa nilitaka kukuamini."

Uleng akalia, akainama kumshika miguu. Malkia akairudisha nyuma.

"Kiti ungeniomba, mdogo wangu. Ningekupa. Nilikuwa nimechoka nacho hata kabla hujakitaka."

Hawakuonana tena.

Msimu uliofuata wafanyabiashara wakaleta habari kwamba Uleng amezaa mtoto wa kike, na kwamba uzazi ulimshinda kama ulivyomshinda mama yao. Malkia aliwasikiliza mpaka mwisho, akawauliza kama kuna mtu anayemnyonyesha mtoto. Wakasema yupo. Akawaruhusu waondoke, akaingia chumba kile kilichopakana na chake, akafunga mlango. Watumishi hawakusikia kitu.

Miaka ikapita. Alikataa wachumba, na kiti chake hakuna aliyekigusa tena. Nywele zilipoanza kuwa nyeupe, Mzee Towappo, ambaye sasa alitembelea mkongojo, akaja na wenzake kumuuliza ni nani watamtawaza yeye akiondoka.

"Mtamfuata yule wa Sumbawa."

Wazee wakatazamana. Towappo akasema taratibu kwamba mtoto yule ni wa haramu, na yeye Puang anajua kuliko mtu yeyote.

"Najua. Mna mwingine wa damu yetu?"

Hawakuwa naye.

"Basi mtavuka bahari mkamchukue, mtamvika taji, mtamwinamia. Lakini mngoje kwanza nife. Nikiwa hai, asinitajie mtu jina lake."