Wimbo wa Sita wa Ainembabazi

Jumapili, saa tatu asubuhi, Ainembabazi alifungua begi la gitaa akakuta flashi haimo. Ilikuwa na nyimbo zote tisa za albamu yake ya kwanza, na uzinduzi ulikuwa saa nane mchana kanisani Nyakasimbi. Nakala nyingine hakuna, kwani kompyuta ya studio iliungua kwa umeme juzi. Miaka mitatu ya jasho ilikuwa imeyeyuka. Akamkimbilia Najat, muuza vitenge ambaye hakuna jambo la watu lililowahi kumpita.

"Nani alikuwa karibu na begi?" Najat aliuliza.

"Luqman wa studio, na mzee Cleophace anayenipigia enanga, kile kinanda chetu cha nyuzi. Jana jioni tulisikiliza nyimbo pamoja."

Walipomfuata studio, Luqman aliwaka. "Kweli tuligombana, nilitaka ngoma zisikike zaidi. Lakini niibe kazi yenye jina langu?"

"Mlisikiliza mpaka wapi?" Najat akamuuliza.

"Wimbo wa sita. Tuliurekodi nyumbani kwa mzee, Jumamosi ya wiki iliyopita. Una kasoro, kuna mtu anatafuna. Nikasema hiyo tuiache, inachekesha. Mzee akazima redio, akatufungia begi, akadai tumbo linamuuma, akaondoka."

Saa tano Najat na Ainembabazi walifika kwa Cleophace.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alikuwa ameikumbatia enanga yake, ubao mpana uliochongwa kama hori.

Mkewe, Beata, aliwaletea punje za kahawa za kutafuna. "Mnisamehe, ningewapa senene. Nilimkaangia mkwe wangu bakuli zima la panzi hao, paka akawamaliza Jumamosi ya wiki iliyopita. Mume wangu alimcharaza huyo paka mpaka akahamia kwa jirani."

Najat aliacha kutafuna.

"Mzee, Jumamosi hiyo si ndiyo mlirekodi humu ndani? Kipaza sauti kilikuwa mbele ya nani?"

Cleophace alitazama dari. Najat aliichukua enanga, akaigeuza. Flashi ilikuwa imebandikwa kwa gundi ndani ya uwazi wake.

"Nilionja mmoja tu," mzee alisema kwa unyonge. "Kisha mwenzake. Nikamsingizia paka mbele ya mkwe, Beata! Ungenisikia nikitafuna leo mbele ya waumini wote, ningeficha wapi uso?"

Ainembabazi alishindwa kujua acheke au alie, akafanya vyote.

Beata alibandua flashi, akaifuta kwa kanga, akampa. "Nenda ukaimbe, mwanangu. Huyu anabaki hapa."

"Mama, bila yeye nani atapiga enanga?"

Beata aliinua enanga, akamkabidhi mumewe.

"Basi aende. Ila kwanza apite kwa jirani, amwombe paka radhi, nami nikisikia."