Supu ya Kombe ya Mama Harue

Kila alfajiri Harue alichemsha supu ya kombe. Kombe wale wa ziwani, wenye magamba meusi, wadogo kama ukucha, mumewe Tokuji aliwavua mwenyewe kwa reki yenye mpini mrefu. Kila mtu wa Ziwa Shinji, huko Japani, anajua kwamba kombe ni dawa ya ini. Na ini la Tokuji lilihitaji dawa. Miezi sita iliyopita alipasuliwa, wakatoa kinundu cha saratani.

"Maliza, baba. Na mchuzi wote," Harue alimwambia mumewe.

"Nikiongeza bakuli moja nitaota gamba."

Bi Kageyama, muuguzi wa afya wa kijiji, aliwakuta hapo hapo mezani. Alivua viatu, akapiga magoti, akakunjua karatasi ya vipimo.

"Mzee Tokuji, kipimo hiki cha ini kinatakiwa kisizidi thelathini. Chako ni tisini na saba. Ini limevimba, linawaka."

"Si wamelikata? Wanataka nini tena, walimalize?"

"Walitoa kinundu. Virusi vya homa ya ini C havitoki kwa kisu. Vingali humo, vinaliunguza ini kila siku. Na ini linaloungua hivyo, saratani hurudi upesi. Uliandikiwa dawa. Cheti kiko wapi?"

Tokuji alitazama dari. Harue alitazama madhabahu ya mababu. Cheti kilikuwa pale, chini ya chetezo, tangu siku mzee alipotoka hospitali.

"Sichomwi tena zile sindano," Tokuji alisema. "Miaka ishirini iliyopita zilinitia homa, nywele zikapukutika. Mwezi wa tatu nikatoroka."

"Siku hizi ni vidonge, mzee. Wiki kumi na mbili, kila siku bila kuruka. Karibu wote wanaovimaliza hupona virusi. Zile sindano tumeshazisahau."

"Mimi sijazisahau."

Harue alipiga meza. "Mtu mzima anaogopa sindano ambayo haipo!"

Bi Kageyama akamgeukia. "Na wewe, mama. Supu hii anakunywa mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni," Harue alijibu kwa majivuno.

"Acha."

"Niache nini?"

"Kombe. Wana madini mengi ya chuma. Kwa mtu mzima wa afya ni chakula kizuri. Lakini damu ya mzee imejaa chuma tayari. Kwa ini lenye virusi hivi, chuma kikizidi ni kuni juu ya moto. Na ule unga wa manjano pale rafuni, nao una chuma, usimpe tena."

Uso wa Harue ulipata moto. Miezi sita! Miezi sita amechochea kuni kwa upawa wake mwenyewe, huku akijisifu kwa majirani. Hakulia. Aliinuka, akamwaga supu, akarudi na koti la mumewe.

"Vaa. Basi la hospitali linapita saa tatu."

"Leo? Na reki yangu?"

"Reki haiumwi."

Vidonge vilianza wiki hiyo. Harue alitia alama kila siku kwenye kalenda ya ushirika wa wavuvi. Supu ikawa ya figili na tofu. Tokuji alinung'unika kwamba ni maji ya kuoshea sahani, lakini alikunywa. Homa haikuja. Nywele chache zilizobaki hazikuondoka.

Miezi mitatu baada ya kidonge cha mwisho walimpima tena. Virusi havikuonekana. Kipimo cha ini: ishirini na mbili. Picha ya ini haikuonyesha kinundu.

"Mrudi baada ya miezi minne tupige picha nyingine," daktari alisema.

"Nyingine? Si nimepona?"

Harue alimjibu kabla daktari hajafungua mdomo. "Umepona virusi, baba. Moto umezimwa, lakini paa lilikwisha ungua. Fundi lazima alikague. Tutarudi, daktari. Andika tarehe."

Nyumbani, aliitungika karatasi ya tarehe hiyo juu ya jiko, kwenye msumari alikokuwa akitungika chujio lake la kombe.