Kamba ya Babu Oswaldi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Salome alimsaidia mama yake, Bertilla, kupanga mitumba juu ya meza pale Majengo, mjini Sumbawanga. Ilikuwa miaka ile biashara ilipoachiwa huru, kila mwenye meza akajiita mwenye duka. Salome alikuwa darasa la sita, mwepesi wa hesabu na mwepesi zaidi wa kujibu. Mwalimu akiuliza, mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Mama yake alimwonya asiache mdomo umtangulie, lakini mtoto anayeonywa kila siku huzoea maonyo kama anavyozoea mlio wa mashine ya kusaga.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Salome hakutaka lijulikane. Kifipa kilikuwa kinampotea. Mama alimsemesha kwa Kifipa, yeye akajibu kwa Kiswahili, kwa sababu Calvin na wenzake wa mtaani walikuwa wakimkejeli kwa jina la kijiji cha upande wa kwao, "Mambo, bibi wa Kate?" Basi akakiacha. Maneno ya kula na kulala aliyajua. Maneno ya ndani yalimpita.

Likizo ya mwezi wa sita alipelekwa kijijini, karibu na Kate, kumwangalia babu yake Oswaldi aliyekuwa akiumwa kifua. Baridi ya Ufipa haikuwa na huruma mwaka ule. Mzee alishinda jikoni kando ya moto, amejikunyata, akikohoa. Kijiji kizima alikuwa amebaki yeye tu katika wale waliosimama na baba zao kwenye matanuru ya kuyeyushia chuma. Matanuru yenyewe yalikuwa magofu ya udongo, nyasi zimeota ndani.

Ndipo akafika mgeni, mtaalamu wa chuo kikuu aitwaye Bundala, mtu wa Usukumani, aliyekuwa akichunguza historia ya hesabu za kale. Alieleza kwamba vitabu vinasimulia jinsi Wamisri wa zamani walivyopima mashamba kwa kamba, lakini yeye hajaona kitabu kinachosema jinsi wahunzi wa Ufipa walivyoligawa duara la tanuru, milango ya hewa ikalingana yote, bila rula wala bikari. Alikuwa ameyapima magofu na kustaajabu. Babu akatabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kuugua.

Shida ilikuwa lugha. Babu alikuwa na Kiswahili cha salamu na cha gulioni, lakini mambo ya tanuru aliyajua kwa Kifipa. Mjomba Evaristi, mtoto wake wa kiume, ndiye angetafsiri, ila alikuwa Laela kuuza mahindi na lori lilikuwa limekwama. Bundala akasema atamsubiri.

"Hakuna haja," Salome akasema. "Mimi nitatafsiri. Kifipa ni lugha yangu."

Bundala akawasha redio yake ya kunasa sauti, kaseti ikaanza kuzunguka. Babu akaongea polepole, akipumzika kila kifua kilipombana. Mwanzoni Salome alifuata. Kisha yakaja maneno ambayo hajapata kuyasikia. Angeweza kusema, "Babu, hapo sijaelewa." Badala yake akamgeukia mgeni na kusema wahunzi walihesabu hatua kutoka mlango hadi mlango. Lilikuwa jibu la kutunga, lakini Bundala aliandika, na mtu akiandika maneno yako utamu wake unalevya.

Babu akaomba kamba yake ya magome iliyoning'inia ukutani. Akaizungusha kwenye mdomo wa chungu kikubwa, akaishika mapajani, akaanza kuikunja huku akieleza. Salome hakuambulia kitu. Akamwambia mgeni kwamba babu anakumbuka tu jinsi walivyosokota kamba ujanani. Bundala akaweka kalamu chini na kuinama kuweka sawa waya wa redio yake. Salome naye akawa anatazama nje, wasichana wenzake walikopita na ndoo.

Babu alipomaliza aliuliza jambo, na hilo Salome alilielewa vizuri. Akajibu upesi. Mzee akashusha pumzi na kuifunga kamba.

Kabla mahindi mapya hayajaisha kupukuchuliwa, babu alifariki. Bundala hakujua. Alirudi kumuuliza tena, akakuta matanga. Baada ya kutoa pole akamweleza Evaristi, kwa uso mzito, kwamba alichoambiwa hakilingani na vipimo vya magofu. Hatua za mtu haziwezi kutoa milango iliyolingana vile. Wenzake chuoni waliona mzee alichanganyikiwa kwa ugonjwa, na yeye hana budi kuyaondoa maelezo yake kwenye kitabu.

"Baba yangu hakuwa mtu wa kubahatisha," Evaristi akasema.

Salome alikuwa ukutani karibu na mama yake. Akinyamaza, mgeni angepanda basi na hakuna ambaye angejua. Lakini babu angebaki na jina la mtu aliyechanganyikiwa, naye yuko kaburini, hawezi kujitetea.

"Mjomba," akasema, "si babu. Ni mimi. Sikuelewa, nikatunga."

Bundala akafungua mkoba, akaitoa ile kaseti na kuiweka kwenye redio. Sauti ya Babu Oswaldi ikajaa chumbani, na kikohozi chake, wanawake wakaanza kulia upya. Evaristi akatafsiri neno kwa neno. Waliizungusha kamba kwenye duara, kisha wakaikunja, na kila mkunjo ukawa mahali pa mlango. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu yao. Bundala akaandika, akisema sasa vipimo vinakubali.

Kisha ikafika sehemu ya kugawa kwa namna ngumu, pale nusu kwa nusu haitoshi. Babu akasema, "Unakunja hivi. Kisha unairudisha hivi. Siyo hivyo, hivi." Basi. Maelezo mengine yalikuwa mikononi mwake, na hakuna aliyeitazama. Kamba yenyewe ilikuwa imefungiwa kuni za msibani, ikakatika.

Mwisho wa kaseti babu akauliza swali lake. Evaristi akalitafsiri.

"Anauliza, mgeni ameelewa? Kama hajaelewa, nirudie, nguvu bado ninayo kidogo."

Ikafuata sauti ya Salome, nyepesi, kwa Kifipa. Ameelewa, babu. Pumzika.

Bundala aliahidi kuandika yale yaliyopatikana, kwa jina la Oswaldi, na kusema wazi kwamba mengine yamepotea. Jina la babu likasafika. Salome hakupigwa. Mama yake alimchukua jikoni, mahali pale pale pa moto, akamkalisha.

"Babu yako alikuwa tayari kurudia," Bertilla akasema. "Kusema sijui kungekuaibisha kidogo tu, na aibu ingeisha siku ile ile. Mwanangu, usidai unajua usichokijua. Ukimjibia mtu uongo, yule aliyekuwa nao ukweli ananyamaza, anadhani umeshafika."

Kisha akamsemesha kwa Kifipa. Salome hakuelewa, na kwa mara ya kwanza akamwomba arudie.