Nilimnyima Mke Wangu Nusu ya Maneno ya Daktari

Nina miaka arobaini na saba. Mimi ni mchongaji wa vinyago. Nilizaliwa upande wa Zombe, Kitui, lakini maisha yangu mengi nimeyamalizia Kibwezi, kando ya barabara ya Mombasa, nikichonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii. Jina langu halitawasaidia kitu. Niiteni Baba Ndanu, kwa sababu ndivyo mke wangu alivyokuwa akiniita.

Nimechoka, wenzangu. Si uchovu wa kazi, kwa maana siku hizi kazi yenyewe nafanya kidogo sana. Nimechoka kubeba jambo hili kifuani. Nitalisema lote, hata pale litakaponiaibisha... na karibu lote ni la kuniaibisha.

Mke wangu aliitwa Mwikali, mtu wa Kyuso. Alibaki Zombe na mabinti zetu wawili, Ndanu na Mumbua, akilima ndengu na mbaazi. Mimi nilikuwa nikienda nyumbani mara moja kwa mwezi, wakati mwingine mara moja kwa miezi miwili. Mwikali alikuwa mwanamke wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, mtu wa maneno machache. Sijawahi kumsikia akisema uongo. Hata uongo ule mdogo wa kumfukuza mgeni hakuuweza!

Duka letu la vinyago lilikuwa mahali pazuri. Magari ya watalii yakitoka pwani kwenda mbugani yalisimama kwetu, wageni wanyooshe miguu, waende chooni, wanunue kitu. Hapo ndipo nilipokutana na Renate. Alikuwa Mzungu wa miaka hamsini hivi, mjane. Wenzake walipokuwa wakinywa soda, yeye alivuta kigoda akakaa karibu nami, akanitazama nikichonga kifaru mpaka dereva akapiga honi. Siku ya tatu, wakirudi kutoka mbugani, alisimamisha gari tena. Aliniomba niende naye pwani wiki mbili. Alisema vinyago vyangu vinafaa kuonyeshwa kwao Ulaya, na mimi mwenyewe nitaenda kuvionyesha.

Ni nani angekataa? Mimi sikukataa. Nilimwandikia Mwikali kwamba nimepata oda kubwa Mombasa.

Siku ya kwanza kule hotelini, Renate alitoa mkobani karatasi ya daktari wa kwao. Akanieleza kwamba amepimwa, hana ukimwi, kwa hivyo hakuna haja ya mipira. Karatasi ilikuwa na muhuri. Mimi ni nani wa kubishana na muhuri? Sikumuuliza alipimwa lini. Sikumuuliza alikuwa wapi kabla ya kupimwa. Naye hakuniuliza karatasi yangu iko wapi... Na angeuliza ningemjibu nini? Pale barabarani nilikuwa nimeshapita kwa wanawake wawili ambao hata majina yao kamili sikuyajua. Lakini nilijiona safi, kwa sababu nilikuwa na nguvu na nilikuwa nikila nikashiba.

Wiki mbili ziliisha. Alipanda ndege, nikarudi kwenye vumbi langu.

Habari hazikukaa. Mwenzangu wa dukani, Musyoka, naye ni mtu wa Zombe. Alikwenda nyumbani kumzika shangazi yake na huko akazungumza. Siku nne baadaye, saa sita mchana, nilimwona Mwikali amesimama mbele ya duka na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Alikuwa amesafiri tangu jana yake. Wenzangu wote waliinama wakajifanya wanasugua msasa.

Nilimpeleka chumbani kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kukana kila kitu. Hakunipa nafasi.

"Baba Ndanu," alisema, "mimi sikuulizi kama ulilala na huyo mama. Watu wameshaniambia. Nakuuliza, wewe uko mzima?"

"Niko mzima. Kwani naonekana mgonjwa?"

"Ukimwi hauonekani kwa macho. Twende ukapimwe. Ukiwa mzima nitakusamehe, turudi kwetu. Usipokuwa mzima, pia tutajua la kufanya. Lakini nijue."

Nijue! Neno hilo moja ndilo aliloniomba katika ndoa yote.

Tukaenda hospitali moja ya misheni. Nilitolewa damu, tukaambiwa turudi baada ya wiki moja. Siku ya majibu niliitwa peke yangu. Mwikali alibaki kwenye benchi nje, mikono imeshika mkoba mapajani. Ndani alikuwa daktari msichana, mpole. Aliniambia hivi, na sijasahau hata neno:

"Mzee, kipimo hakikuonyesha virusi. Lakini umesema ulikuwa na huyo mtu wiki chache tu zilizopita. Kipimo chetu hakiwezi kuona ugonjwa ulioingia juzi. Lazima urudi baada ya miezi mitatu upimwe tena. Mpaka hapo, usikutane na mke wako bila mpira. Umenielewa?"

Nikasema nimeelewa. Akaandika kwenye karatasi, akanipa.

Wasomaji wenzangu, kutoka kile chumba mpaka lile benchi ni hatua kumi hivi. Katika hatua hizo kumi niliiharibu nyumba yangu. Mwikali aliinuka, akanitazama usoni. Nikamwambia, "Niko mzima." Basi. Ile nusu nyingine ya maneno niliimeza.

Kwa nini? Nimejiuliza mara ngapi! Niliona jinsi uso wake ulivyofunguka... Niliogopa kumwambia "subiri miezi mitatu", ajue kwamba bado kuna shaka. Nilitaka mambo yaishe siku hiyo hiyo. Akauliza kama naye apimwe. Nikacheka, nikamwambia, "Kama mimi ni mzima, wewe utapimwa nini?"

Aliichukua ile karatasi, akaikunja vizuri akaitia mkobani. Mwikali alisoma mpaka darasa la tatu. Kiswahili alikisoma polepole, Kiingereza hakujua. Jumapili iliyofuata mchungaji wetu alituombea mbele ya kanisa, mimi nikasimama nikashukuru Mungu kwa sauti kubwa. Mungu anisamehe kwa ile sauti!

Miezi minne ikapita. Miezi mitatu niliyoambiwa nilikuwa nimeiacha ipite makusudi. Kisha dukani ikafika barua ya Renate. Kiingereza chake kilikuwa chepesi, nilikielewa. Aliandika kwamba ameanza kuugua, amepimwa upya na amekutwa na virusi. Ile karatasi aliyonionyesha alikuwa ameipata wiki mbili tu baada ya kutoka likizo katika nchi nyingine, alikokuwa na mwanaume mwingine. Hakujua kwamba mtu anaweza kupimwa mapema mno. Aliniomba msamaha. Akaniomba nikapimwe tena, na nimwambie mke wangu.

Watu wakisikia kisa changu hupenda nimlaumu huyo Mzungu. Mimi siwezi. Sina hakika hata kama ugonjwa huu ulitoka kwake au kwa wale wawili wa barabarani. Lakini najua jambo moja. Mgeni, mtu tuliyekaa naye wiki mbili, alipoujua ukweli alishika kalamu akaniandikia. Mimi niliyekula muthokoi wa Mwikali, mahindi yake ya kukoboa na maharage, miaka kumi na minne, niliitia barua ile kwenye moto tuliokuwa tukipikia chai dukani.

Wakati ule Mwikali hakuwa na mimba. Laiti ningesema siku hiyo! Alishika mimba miezi mitatu baadaye.

Alizaliwa mvulana. Tulimwita Mumo. Mimi nilifurahi kwa nusu ya moyo, nusu nyingine ikihesabu kila kikohozi chake. Mwezi wa nne akaanza kuhara. Mdomo ukajaa utando mweupe, akawa hawezi kunyonya. Tukampa dawa, akapata nafuu, akaanguka tena. Mimi nami nikatokwa na mkanda wa jeshi ubavuni, malengelenge ya moto, nikamwambia Mwikali ni mdudu nairobi-fly amenikojolea. Uongo juu ya uongo!

Mumo alipofika miezi kumi alikuwa mwepesi kama kuku wa kienyeji. Tukampeleka hospitali kubwa zaidi, wakamlaza. Wakatutoa damu sisi wote wawili. Siku ya majibu daktari, mwanaume wa makamo, alituita pamoja. Alitueleza taratibu kwamba mimi ninavyo virusi, Mwikali anavyo, na mtoto dalili zake ni hizo hizo.

Mwikali hakulia. Alisema, "Daktari, hapo kuna makosa. Mume wangu alipimwa akawa mzima." Akafungua mkoba. Akatoa ile karatasi! Ilikuwa imekunjwa vile vile, imechakaa kwenye mikunjo. Alikuwa ametembea nayo zaidi ya miaka miwili, kanisani, shambani, sokoni Zombe, kama mtu anayebeba cheti cha ndoa.

Daktari akaisoma. Akaniangalia.

"Ulirudi baada ya miezi mitatu?"

"Imeandikwa nini hapo?" Mwikali akauliza.

"Mama, hapa chini imeandikwa kwamba jibu hili si la mwisho. Alitakiwa apimwe tena baada ya miezi mitatu, na mpaka hapo mtumie kinga. Hakukuambia?"

Mwikali alinigeukia. Nilitamani anipige, atukane, apige kelele wodi nzima isikie. Aliniuliza kwa Kikamba, kwa sauti ya chini kabisa, "Ulikuwa unajua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Siku ile ile? Pale kwenye benchi?"

Nikaitikia tena. Na kwa sababu nilikuwa nimeanza, nikamwambia na habari ya barua. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichukua karatasi mikononi mwa daktari, akaiweka mapajani pangu, akarudi wodini kwa mtoto.

Mumo alifariki baada ya siku tisa. Tulimzika Zombe. Watu walikuja wachache, na hao wachache hawakugusa chai yetu. Kaka zake Mwikali walifika kutoka Kyuso, wakamchukua yeye na mabinti. Sikuwazuia. Ningewazuia kwa mdomo gani?

Aliishi huko miaka mitatu. Nilikwenda mara mbili kumwomba msamaha. Mara ya kwanza hakutoka nyumbani. Mara ya pili alitoka, amekonda, akapura ndengu huku mimi nimesimama kando. Mwishowe alisema, "Baba Ndanu, huyo mama ningeweza kumsamehe, nawe pia. Hata ugonjwa ningeusamehe. Lakini uliniacha nizae." Ugonjwa ulimchukua mwaka huo wa tatu. Siku ya mazishi yake niliruhusiwa kusimama na watu wa kijiji, si na wafiwa.

Mwezi uliopita binti yangu Ndanu alikuja Kibwezi na kijana anayetaka kumwoa. Kwa miaka yote hiyo hakuwa ameniletea mguu wake. Hakuja kutafuta baraka. Aliniita baba kwa Kikamba, akasema, "Nau, mwambie huyu kisa chote. Mwambie mwenyewe." Nikamwambia kijana wa watu kila kitu, kuanzia kigoda cha Renate mpaka maneno ya Kyuso, naye Ndanu akisikiliza na kunisahihisha nilipojaribu kupunguza. Kisha wakaenda kupimwa. Watarudi kupimwa tena baada ya miezi mitatu, ndipo waite wazee.

Ndugu zangu, hasa nyinyi mnaofanya kazi kwenye mahoteli, madereva wa watalii, wachongaji wenzangu: karatasi ya mgeni isiwalaze usingizi, wala karatasi yenu wenyewe. Kipimo kinaeleza ya miezi iliyopita, hakielezi ya juzi hii. Tumieni mpira. Rudini siku mliyoambiwa mrudi. Na mkienda kusikia majibu, nawasihi, asibaki mtu kwenye benchi nje. Ingieni wote wawili, msikie wote wawili, mpaka neno la mwisho.