Mwenye Kilio Chake na Aje

Jicho la kushoto la Mama Machozi lilianza kulia kabla mwongozaji hajatamka "Anza."

Binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa mpambaji wake, akamwahi kwa pamba. Pamba ikamuunguza vidole. Akainusa kwa siri, akakunja uso. Ilinuka nywele zilizoungua.

"Mama, unaumwa?"

"Nyamaza. Wanatuangalia."

"Lakini tukio la leo ni la kucheka, mama."

Mama Machozi alijua machozi yale yametoka wapi. Jina hilo alilipata kwa miaka ishirini na miwili ya jukwaani, alipokuwa akilia mpaka wakata tiketi mlangoni wanatafuta leso. Ila sinema ina mambo yake. Jukwaani unamlilia mtu wa kiti cha mwisho. Huku kamera imekukalia puani kama daktari wa macho. Siku yake ya kwanza alijipaka kitunguu, mwongozaji akamwambia mbele za watu, "Mama yangu, hayo ni ya jikoni. Mimi nataka ya moyoni." Mafundi wa taa wakaangua kicheko, na kicheko kile kikamchoma kuliko kitunguu.

Bibi mmoja mwigizaji, aliyemfundisha kazi, alikuwa na sharti moja tu: uhusika ni nguo ya kuazima, unaivaa, unaivua, unairudisha, humkaribishi mtu ndani. Mchezo ukiisha, unanawa uso na kumshukuru Mungu kabla hujatoka. Siku ile, kwa uchungu wa kuchekwa, aliliacha sharti. Alijifungia kwenye chumba cha kujipambia, akakikodolea kioo macho, akasema kwa sauti, "Mwenye kilio chake na aje alilie hapa. Mlango uko wazi."

Mdomo huponza kichwa. Alikuja.

Machozi yakamiminika. Filamu ya kwanza ikamletea tuzo, ya pili ikambandika barabarani kwenye bango kubwa kama nyumba. Naye akanyamaza. Binadamu akishapigiwa makofi, kosa lake huliita kipaji.

Filamu ya tatu ilikuwa ya mwigizaji anayemuua mumewe, kisha anamlilia binti yake aliyekufa. Katika tukio la kofi, Mama Machozi alimvunja taya mwenzake aliyeigiza mume. "Uhusika umemwingia!" wakashangilia, huku mwenzao akitema jino. Wiki iliyofuata lilikuwa tukio la kisu. Alipewa kisu cha maigizo, kile ambacho ncha yake huzama ndani ya mpini. Akakiweka chini taratibu, akatoa makasi ya binti yake kwenye mkunjo wa kanga, akamchoma yule mume pajani mara tatu, na kila makasi yalipochomoka alicheka kwa sauti nzito iliyotoka tumboni. Damu ikaruka mpaka kwenye kioo cha kamera. Mwongozaji akamnong'oneza mpiga picha, "Usizime. Wallahi usizime."

Jioni ile ile, jua likiwa bado dirishani, binti alikuwa akimfuta mama yake uso.

"Mama, yule kaka ameshonwa nyuzi kumi na nne. Tuache hii kazi. Twende hata tukauze nguo."

Mama akainua macho kwenye kioo. Midomo yake haikucheza, lakini sauti ikatoka. "Wewe ndiye unayenifuta kila siku."

"Mama?"

"Nalia, unanifuta. Nalia, unanifuta. Kilio changu unakitupa kwenye ndoo ya taka."

Mkono ukamkamata binti nywele za kisogoni, ukampigiza paji la uso kwenye kioo, mara moja, mara mbili, na mara ya tatu kioo kikapasuka na vipande vikamwingia kwenye nyusi, na chumba kikajaa ile harufu ya nywele zinazoungua, na Mama Machozi, aliyekuwa akiona yote kutoka mbali kama mtu aliyekaa kiti cha mwisho, akausikia ulimi wake mwenyewe ukisema bila haraka, "Jumamosi nitamlilia maiti wa kweli."

Mkono ukalegea. Binti akaanguka, akatambaa hadi mlangoni.

Mchuma janga hula na wa kwao. Usiku ule ule Mama Machozi akaenda kwa ustadhi mmoja mzee, akakiri kila kitu akiwa amepiga magoti. Ustadhi akasoma. Jini lililomkaa likamng'ata mzee kidole mpaka mfupa ukalia, lakini mzee hakukatisha kisomo.

"Halitoki kwangu," akasema mwishowe, akihema, kidole amekifunga kilemba. "Uliliita kwa mdomo wako, kwa ajili ya macho ya watu. Chakula chake ni makofi. Kalitoe kwa mdomo wako, mbele ya watu, wakunyime chakula hicho."

"Na jina langu, ustadhi?"

Mzee akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, anayetaka kuuawa ni binti yako, nawe unauliza jina?"

Akaona haya.

Jumamosi alasiri, siku ya kurekodi tukio la kumlilia binti, ukumbi wake wa zamani wa maigizo ulijaa watu mia sita, walioalikwa wakae kwenye viti waigize watazamaji. Mwongozaji aliwaagiza, "Litokee litakalotokea, msiinuke. Nikinyoosha mkono, pigeni makofi." Binti, ambaye mama yake alikuwa amemweleza yote, ndiye aliyepaswa kulala jukwaani kama yule maiti, kwa kuwa yeye na mama yake walifanana. Paji la uso lilikuwa na bandeji, mwongozaji akasema inapendeza.

"Usilale," mama akamnong'oneza. "Nikianza kusema, kimbia."

"Nikikimbia utabaki nalo peke yako."

"Mtoto mbishi wewe!"

"Nimemrithi nani?" Akalala.

Taa zikawaka. Mama Machozi akasogea mbele. "Jamani, haya si maigizo. Machozi yangu si yangu. Nililiita jini. Yule kijana nilimchoma kweli, na mwanangu huyu linataka kumuua. Nimewadanganya. Nisameheni."

Hakuna aliyepiga makofi. Kitu kikajikunja kifuani mwake kama mbwa aliyemwagiwa maji. Kikapanda kooni. Kilikuwa kinatoka!

Mwongozaji, machozi yakimlengalenga kwa jinsi alivyoguswa, akanyoosha mkono.

Makofi yakaporomoka. Kitu kikashuka tena, kimeshiba. "Ni kweli!" akapiga kelele, "ni kweli, wallahi!" na kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kupiga, wengine kwa miguu, na mikono yake ikamgeuza, ikampeleka hatua kwa hatua hadi kwa binti, ikamshika koo, ikabana, na binti akafumbua macho, akapigapiga visigino kwenye mbao, akakwaruza, povu likamtoka, na watu mia sita wakashangilia kifo kilivyoigizwa vizuri, na yeye mwenye mikono akabakiwa na kitu kimoja tu ambacho jini halikuwahi kukihitaji, matusi ya uswahilini aliyoyaficha tangu awe nyota.

"Mnampigia nani makofi, mbwa nyie?"

Safu ya mbele ikasita.

"Ninyi! Mafukara wa akili! Miaka ishirini na miwili nawaona kama funza! Wewe mwenye miwani, mkeo anakuja kuonyeshwa mapenzi hapa kwa sababu kwako hayapo! Mama zenu walizaa mizoga!"

Mtu mmoja akazomea. Akamtukania marehemu wake. Wakazomea kumi, wakazomea mia, kiatu kikampiga mdomoni, chupa ikampasua juu ya sikio, na kila alipopigwa aliwaongezea, akawatemea mate yenye damu, mpaka wazee waliomlilia ujanani wakasimama kumlaani. Vidole vikaanza kuachia, kimoja kimoja. Kile kitu kikapanda tena kooni, kikampasua pembe za mdomo kikitoka, na sauti isiyo yake ikalia juu ya dari, kilio cha njaa, ikatokomea.

Wakampiga kwa miguu ya viti. Mwongozaji alikanyagwa mbavu. Binti, akikohoa, ndiye aliyemvuta mama yake kwa kwapa hadi mlango wa nyuma, nje, kwenye jua.

Wakakaa ukutani. Mama hakuwa na meno mawili ya mbele, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Limekwenda," akasema. "Alhamdulillahi. Hebu nione shingo, mwanangu."

Akanyoosha mkono. Binti akasogea nyuma.

Si mbali. Hatua moja tu, nyepesi, kama mtu anayepisha moto wa jiko, na yeye mwenyewe akashtuka kuona amesogea.

"Samahani, mama. Nipe muda."

"Chukua, mwanangu," akasema, akaikalia mikono yake yote miwili.